Majirani wa Hori: majina matatu ya Jumamosi

JUMATANO

06:04 Mwl. Riziki: Assalaam alaykum majirani. Wakubwa, shikamooni. Barua yetu kwa chama cha msitu, ya kupanda na kulinda mikoko ya hori (huu mkono wetu wa bahari), imejibiwa. Wanakuja Jumamosi saa nne asubuhi, na mtafiti mmoja kutoka kijiji cha Gazi. Ni bamvua, maji yatakuwa yamekupwa, tutatembea hadi kwenye ile mililana, mikoko ya upande wa bahari, ya mlangoni mwa hori.

06:06 Mwl. Riziki: Wanataka vitu viwili. (1) Majina matatu ya kuingia kwenye makubaliano: mvuvi mmoja, mama mmoja, mkataji boriti mmoja. (2) Shamba la kupanda mivinje, miti ya kujengea na kuni. Naomba majibu kabla ya adhuhuri.

07:31 Mama Saumu: Waalaykum salaam mwalimu. Kina mama tupo. Nitawauliza wenzangu.

09:15 Mwl. Riziki: Naona tiki za bluu tele na jibu moja tu. Jamani.

09:22 Juma Boda: Kuna mbuzi wa kahawia ana kamba nyekundu shingoni, yuko kwa Mama Saumu anakula mahamri ya biashara 😂

09:23 Mama Saumu: Wallahi nimemkuta na bakuli! Huyu ni wa Bakari.

09:25 Bakari BMU: Wangu nimemfunga mimi mwenyewe alfajiri.

09:26 Juma Boda: Basi amejifungua 😂😂

09:27 Mama Tabu: Juma wewe 😂 kajifungua mapacha?

09:40 Mwl. Riziki: Mbuzi atarudi kwao. Wageni wakirudi kwao bila majina hawatakuja tena mwaka huu. Bakari, wewe ndiye mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo, nikuandike upande wa wavuvi?

11:58 Mwl. Riziki: Bakari?

12:41 Kassim: Hao wanaokuja ndio wale wa fulana za bluu?

12:44 Mwl. Riziki: Sio, kaka Kassim. Wale walishuka na basi, wakapanda miche asubuhi moja, wakapiga picha, wakaenda zao. Hawa ni chama cha msitu cha wenyeji, watu wa vijiji vya huku huku. Tunawajua kwa majina na makwao.

12:45 Kassim: Mimi niliwaambia wale. Walipanda mkoko nje kabisa kwenye mchanga, penye mawimbi. Pale ni pa mlilana. Mkoko wataka tope la ndani. Mkandaa na mchu huwa juu zaidi karibu na nchi kavu. Wakaniuliza mimi nimesomea wapi.

12:46 Mama Tabu: Na kusi ilipoanza ikang'oa yote.

12:46 Kassim: Yote.

12:52 Mwl. Riziki: Ndiyo maana nimeandika kwenye barua kwamba mahali pa kupanda patachaguliwa na mkataji wa hapa, sio na mgeni. Wamekubali, ninayo kwa maandishi. Kassim, mtu aliyekata miti ile tangu utotoni anajua kila mti unapenda kukaa wapi. Nilikufikiria wewe.

12:53 Juma Boda: Mwalimu Jumamosi kuna pilau ama ni maneno matupu?

12:55 Mwl. Riziki: Chai na mihogo. Kila nyumba shilingi mia moja, mnipe mkononi au M-Pesa.

12:55 Juma Boda: Mihogo tena. Watafiti wa watu.

12:57 Mama Saumu: Mihogo ya nazi Juma, usidharau. Kina mama tutapika. Na wenzangu wamesema jina ni mimi. Pia twaweza kuanza kuokota mbegu za mkoko kesho, ziko nyingi chini.

13:02 Kassim: Za chini msiokote ovyo Mama Saumu. Nyingine zimeanguka changa, nyingine kaa ameshazitafuna. Angalia shingoni pale mbegu inapokutana na tunda. Ikitoa pete ya manjano imekomaa. Bila pete iache mtini.

13:03 Mama Saumu: Ahsante. Hilo sikulijua.

13:05 Mwl. Riziki: Mnaona sasa? Kassim, niandike jina lako?

13:19 Kassim: Usiniandike.

13:20 Mwl. Riziki: Kwa nini kaka?

13:31 Kassim: Mwaka 2018 marufuku ya kukata miti ilipotoka, mimi nilikuwa na pau zangu nilizokata kabla. Ziko uani, hazijaenda popote. Mtu wa mtaa huu alipiga simu. Askari wa msitu wakaja moja kwa moja hadi uani kwangu, hawakuuliza njia. Pau zikaenda, mashua ikaenda. Leo nitie sahihi karatasi moja na huyo mtu?

13:33 Mama Tabu: Yarabi.

13:34 Bakari BMU: Kassim hayo tuliyamaliza kwa Mzee Mwinyi.

13:34 Kassim: Nyinyi mliyamaliza. Mimi nilikaa tu pale nikanywa kahawa.

13:36 Juma Boda: Kahawa ya Mzee nayo ni chungu, ile lazima ukae 😂

13:37 Mama Saumu: Juma nyamaza.

13:50 Mwl. Riziki: Kassim, mashua ile yaniuma hadi leo, na nilisema wakati ule. Lakini ndiyo sababu nimeng'ang'ania mkataji awe ndani ya makubaliano tangu siku ya kwanza. Tukiweka wavuvi na kina mama peke yao, tutapanda mchana na mtu mwenye watoto wa kulisha atakata usiku, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Mivinje ni kwa ajili hiyo. Wenzetu wa Gazi wamepanda mivinje ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kugusa mikoko. Ami Hamisi, lile shamba lako la nyuma ya madrasa, umelifikiria?

16:20 Mwl. Riziki: Ami Hamisi?

21:47 Rashid Doha: Salaam wote. Nilikuwa zamu, nimesoma yote sasa hivi. Mwalimu hongera. Swali langu: hela ya hewa, hii ya kuuza kaboni ya mikoko, kijiji kinapata asilimia ngapi? Huku kambini watu wasema kaboni ni utapeli, mzungu anachafua kwao halafu ananunua miti yetu kwa bei ya karanga.

21:58 Mwl. Riziki: Rashid swali lako ni zuri na wanaosema hivyo si wajinga. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema miradi ya kaboni ya ardhini lazima itoe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa jamii, na makubaliano na jamii yaandikwe na kusajiliwa. Nimeinakili kwenye daftari, nitaisoma mbele ya wageni neno kwa neno.

22:04 Mwl. Riziki: Lakini tusidanganyane. Sisi hatuna hewa ya kuuza bado. Gazi walianza kupanda kwa majaribio 1991, na mradi wao wa kuuza hewa ukaa, Mikoko Pamoja, ukaanza 2013. Zaidi ya miaka ishirini hapo katikati! Wanalinda hekta 117 tu na wanauza kama tani 3,000 kwa mwaka. Si utajiri. Ila Gazi na Makongeni wamevuta maji ya bomba na kununua vitabu vya shule, na kamati iliyoamua hela iende wapi ni yao wenyewe.

22:06 Mwl. Riziki: Vanga, Jimbo na Kiwegu waliungana vijiji vitatu, wakapata hekta zaidi ya 400. Hori letu ni kipande kidogo. Peke yetu hakuna atakayetusikiliza. Ndani ya chama tutakuwa na kura, na mizinga ya nyuki tutaruhusiwa kuweka, na doria tutafanya sisi badala ya kusubiri askari.

22:09 Rashid Doha: Nimekuelewa. Nakutumia 2,000 ya chai kesho in shaa Allah. Pesa ya mradi iingie akaunti ya sahihi tatu, isirudie mambo ya tangi.

22:10 Mama Tabu: Hapo kwenye tangi umegusa 🙊

22:11 Mwl. Riziki: Tangi liacheni leo. Nawaomba.

ALHAMISI

05:48 Mwl. Riziki: Sabahalkheri. Jina moja kati ya matatu. Shamba bado.

08:30 Tima: 🎤 Sauti (3:12)

08:31 Tima: Ni Babu Mwinyi anaongea. Amenikalisha chini nimrekodi.

08:33 Juma Boda: Niko barabarani upepo mwingi sisikii kitu. Tima tuandikie.

08:52 Tima: Babu anasema hivi, nimeandika kama alivyosema:

"Mimi nimekata boriti na nimepakia boriti. Majahazi yalikuja hapa na kaskazi, yakaondoka na kusi yamejaa, kwenda Arabuni, mpaka serikali ilipofunga kupeleka nje mwaka 1982. Hela ilikuwa nzuri. Hori lilibaki na visiki. Kamba walipotea, mkasema ni majini.

"Mjue mnachotia sahihi. Mikoko hii iliandikwa msitu wa serikali mwaka 1932, mimi sijazaliwa. Karatasi ya Jumamosi haiwapi msitu. Inawapa kazi ya kuulinda na haki ya kula kidogo. Mwalimu asiwaambie zaidi ya hapo na wageni wasiwaambie zaidi ya hapo.

"Kassim nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kupita juu ya miche bila kuikanyaga na kuacha mti mama. Yule hakuwa mwizi.

"Aliyepiga simu namjua. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilidhani muda utaponya. Haukuponya. Aje kwangu kesho baada ya sala ya Ijumaa, na Kassim aje. Wakikaa, Jumamosi mtie sahihi. Wasipokaa, wageni wapewe chai warudi salama, na asitie sahihi mtu yeyote wa mtaa huu."

08:53 Tima: Mwisho.

09:10 Mama Saumu: Tumesikia baba.

09:14 Mama Tabu: Naam Mzee.

09:31 Rashid Doha: Shikamoo Babu.

09:40 Bakari BMU: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

09:58 Mwl. Riziki: Mzee, shikamoo. Nimesikia na nitafuata. Nikusihi jambo moja tu: ikichelewa Ijumaa, turuhusu wageni wafike hata hivyo, watembee, waone hori. Sahihi isubiri. Kwa maana bamvua haitusubiri, na mtafiti akikosa kuona tope wakati maji yamekupwa hataweza kusema lolote la maana.

10:20 Tima: Babu anasema kutembea si kutia sahihi. Watembee.

10:21 Mwl. Riziki: Alhamdulillah.

13:15 Juma Boda: Mimi na pikipiki yangu nitawabeba kutoka stendi, wa kwanza bure.

13:16 Mama Tabu: Wa kwanza ndiye atakayemlipia wa pili 😂

17:33 Ami Hamisi: Nilikuwa Msambweni kwa macho. Nimesoma. Shamba lipo. Lakini ile mikorosho miwili ya marehemu mama isiguswe, na dada yangu wa Ukunda lazima akubali kwa mdomo wake, mimi si peke yangu. Na niulize: mivinje ikikua ni ya nani? Yangu, ya mtaa, ama ya chama?

17:41 Mwl. Riziki: Afadhali umeuliza sasa Ami. Naona iandikwe: shamba ni lenu, miti ni ya mtaa, na kila uvunaji nyinyi mpate fungu. Fungu kiasi gani tukae tuzungumze. Mikorosho haitaguswa, nitaichorea duara kwenye ramani. Namba ya dada naomba.

17:42 Ami Hamisi: Hapokei namba asizozijua.

17:43 Mwl. Riziki: Basi nitamfuata.

IJUMAA

11:20 Mwl. Riziki: Leo ni leo. Baada ya sala, kwa Babu Mwinyi. Sisemi zaidi.

11:52 Bakari BMU: Mimi leo niko baharini, nyavu ziko Funzi. Jumamosi pia naweza kuchelewa. Wavuvi wachague mtu mwingine kama kuna haraka.

11:53 Mama Tabu: Leo Ijumaa Bakari uko baharini??

15:26 Tima: Kassim amekuja. Wamekaa na Babu barazani. Wako wawili tu.

16:40 Kassim: Nimezungumza na Mzee. Kesho nitakuja saa tatu, mapema kabla ya wageni, nitaweka vijiti mahali pa kila mti, pa mlilana, pa mkoko, pa mkandaa. Wakitaka kubishana wabishane na tope. Jina langu lisiandikwe mpaka tukae watatu.

16:44 Mwl. Riziki: Vijiti nitaleta mimi na kitambaa cha rangi. Ahsante Kassim. Jina naacha.

16:50 Mama Saumu: Mbegu tumechagua zenye pete tu, ndoo mbili zimejaa. Zimelowekwa kivulini, maji ya bahari.

19:08 Mwl. Riziki: Hali ilivyo: Mama Saumu ndiye jina pekee. Upande wa wavuvi naomba jina leo usiku, msimwachie Bakari peke yake, BMU ni watu wengi. Wakataji ni Kassim au hakuna. Shamba ni ndiyo ya Ami Hamisi, dada yake bado, nimefika kwake Ukunda alasiri nikakuta kufuli. Chai imechangwa na nyumba kumi na moja na Rashid.

19:30 Rashid Doha: Wavuvi wekeni Mwanakombo. Anavua pweza miaka yote, kwani pweza si samaki wa baharini?

19:31 Mama Tabu: Mwanakombo hata simu ya kusoma hana.

19:33 Mwl. Riziki: Sahihi haihitaji simu. Nani yuko karibu naye amuulize usiku huu?

20:15 Juma Boda: Niko mlangoni kwake. Asema ataitikia akijua Bakari hatakasirika.

20:16 Mwl. Riziki: Bakari, tujibu hilo tu.

22:02 Mwl. Riziki: Bakari nakuona uko hewani.