Wauzaji wa mabomba ya hewa ya alumini, mnatuuzia mng'aro na kutuharibia injini

Wenzangu wenye magari ya turbo, yaani panga zinazosukuma hewa zaidi ndani ya injini, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Miezi mitatu iliyopita nililipa shilingi 18,500 katika duka moja la vipuri hapa Nairobi kwa bomba la alumini la kuingizia hewa, pamoja na filta ya umbo la koni, ili nivifunge kwenye Subaru Forester yangu ya turbo. Muuzaji alinishikisha lile bomba linalong'aa kama kioo, akaniambia kwamba mkebe wa plastiki wa kiwandani, ule unaobeba filta ya hewa, uliwekwa kwa sababu ya urahisi wa bei tu, na kwamba gari la kasi halifungwi plastiki. Leo mkebe ule ule wa plastiki umerudi mahali pake, na mimi nimetoa shilingi 62,000 nyingine kwa matengenezo ya turbo.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo walilolitangaza kwa herufi kubwa kwenye boksi: "hewa baridi". Mkebe wa kiwandani huvuta hewa kutoka mbele, juu ya rejeta, mahali ambapo upepo wa nje unaingia. Bomba nililouziwa linaishia ndani ya boneti, na filta yake imekaa wazi ikivuta hewa ambayo injini imekwisha kuipasha. Nilichomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, nikaketi katika msongamano wa Thika Road jioni moja nje kukiwa na nyuzi 27, na kwa muda wa dakika 20 hivi nikatazama joto la hewa inayoingia likipanda hadi nyuzi 68. Kwa mkebe wa plastiki, katika barabara ile ile na saa ile ile, halikupita 41. Tofauti hiyo peke yake huifanya hewa iwe nyepesi kwa karibu asilimia 8, na sisi wa Nairobi, tunaoishi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tayari tunavuta hewa yenye mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya tano ukilinganisha na wenzetu wa Mombasa. Hatuna hewa ya kuchezea.

Ni kweli kwamba gari likishashika mwendo, hewa hupita ndani ya bomba kwa kasi kiasi kwamba alumini haipati nafasi ya kuipasha sana, hilo nalikubali. Lakini alumini hupitisha joto mara mamia kuliko nailoni yenye nyuzi za kioo, kwa hiyo kila ninaposimama bomba lote huwa jiko, pamoja na kile kishikizo cha sensa inayopima hewa inayoingia.

Hata hivyo, kilichoniumiza hasa si joto. Sensa ya hewa hukadiria wingi wa hewa kwa jinsi inavyoupoza waya wake mdogo wenye moto, na kompyuta imefundishwa kuamini kwamba waya huo umekaa ndani ya tundu la kipenyo fulani. Nilipopima kwa vania, kile kifaa cha kupimia vipenyo, tundu la mkebe wangu lilikuwa milimita 65, na la bomba la alumini 70. Linaonekana jambo dogo, lakini eneo limeongezeka kwa asilimia 16, na hewa nyingi kiasi hicho inapita bila kuhesabiwa. Kompyuta hujitahidi kuongeza petroli hadi inafika kikomo chake. Taa ya injini ikawaka, na msimbo ukawa P0171, yaani mchanganyiko umepungukiwa petroli. Kukanyaga mafuta kwa nguvu katika hali hiyo, turbo ikisukuma, ni kuzialika pistoni zipasuke, na wenye injini za EJ za Subaru wanajua pistoni zake hazisamehe. Kwenye boksi, kwenye risiti na kwenye tangazo lao, kipenyo cha ndani hakikuandikwa popote.

Kisha turbo ikaanza kupiga mluzi. Fundi alipolifungua bomba, niliingiza kidole pale kishikizo cha sensa kilipochomelewa, nikagusa vidonda vya ulehemu vilivyosimama kama magamba ya samaki, na kimoja kilikuwa kimemeguka. Tulikikuta kimeacha alama kwenye panga za turbo: ncha mbili zimekunjwa na ya tatu imepigwa pengo. Panga hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Plastiki ya kiwandani, iliyomiminwa kwenye kalibu, ni laini ndani kama bakuli.

Sisemi kwamba alumini haina mahali. Baada ya turbo, ambako hewa ina shinikizo, mabomba ya plastiki hupasuka kweli, na wenye BMW za injini ya N54 na N55 wana haki ya kufunga alumini hapo. Wala sitetei plastiki za bei rahisi zinazolegea kwa joto. Na mahali pa kuchotea hewa panashinda yote hayo: Subaru Impreza ya dereva wa mbio Colin McRae iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa na bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, mbali na maji na vumbi. Mtu aliyeijenga alifikiria kwanza hewa inatoka wapi.

Nilirudi dukani mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa injini yangu ilikuwa mbovu tangu awali, ingawa hawakuitazama. Mara ya pili nilionyeshwa maandishi madogo nyuma ya risiti kwamba bidhaa ikishafungwa hairudishwi. Sasa bomba la hewa litajaribiwaje bila kufungwa?

Jumamosi hii ninarudi na bomba, risiti, vania na picha za panga zilizokunjika, na ninadai pesa zangu zote, za bomba na za turbo. Kama umenunua bomba la alumini la aina hii, tafadhali lifungue kabla ya siku hiyo, ingiza kidole penye kishikizo cha sensa, pima kipenyo cha ndani, na uniandikie hapa chini ulichokikuta.