Yule fundi tinti wa hapa Mtwara LEO KAMPA MAMA MKWE WANGU PINI

Korosho_Ghafi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Zenu labda, zangu hazipo.

Naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wa tinti. Mnamjua. Simtaji, maana akitajwa ndiyo anapata wateja. Yule anayejiita Injinia, ukimpigia saa nne asubuhi anakwambia "niko njiani bosi" huku unasikia kijiko kinagonga kikombe cha chai. Huyo huyo.

Leo kampa mama mkwe wangu pini.

Ngoja nianzie mwanzo kabla sijapasuka. Nina kagari kangu, Toyota IST, halali yangu, hakana deni la mtu. Jua la Mtwara mnalijua, ukiegesha sokoni saa saba ukarudi saa nane usukani haushikiki, unaendesha kwa ncha za vidole. Nikasema niweke tinti. Huyu bwana akanikunjulia plastiki nyeusi tii, akaniambia "hii bosi ni seramiki, imetoka Japani, jua likiiona linageuza njia". Akawasha balbu kubwa, akaweka kipande cha kioo mbele yake, weka mkono, kweli bwana joto halipiti. Nikatoa laki tatu na nusu nikicheka. Kumbe ya kuonyeshea ni nyingine na ya kubandika ni nyingine.

Kazi kaifanyia chini ya mwembe. Narudia, chini ya MWEMBE, upepo wa kusi unavuma, mchanga unaruka, maua ya mwembe yanadondoka yeye anabandika. Mashine ya kupulizia joto hana, kaazima draya saluni ya jirani, mpaka leo gari linanuka dawa ya nywele, abiria wananiuliza kama nimesuka. Kukamulia maji katumia kadi ya benki, sijui ya marehemu gani. Umeme ukakatika kioo cha nyuma kikiwa nusu, akasema "usijali, hapa tunamalizia na jua".

Gari limetoka vioo vimevimba kama chapati iliyoingia hewa. Kioo cha dereva kuna sisimizi kazikwa humo mzima mzima, miguu yote sita inahesabika. Mke wangu kishampa jina.

Nikavumilia, kaniambia yatakauka. Hayakukauka. Leo nampeleka mama mkwe Mikindani kwenye arobaini, nikasema ngoja nimpitie fundi, akiona nina mtu mzima ndani ya gari ataingiwa na haya. Haya! Yule! Kaja, kainama dirishani, kamwamkia vizuri kabisa, "shikamoo mama". Nikajua sasa mtu anaomba radhi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa PINI. Pini ya kubania mtandio. Akamkabidhi. "Mama shika hii, mkifika kwenye foleni uwe unatoboa moja moja, taratibu. Na umwambie mkweo, gari ya hadhi hii tinti yake ndiyo hii."

Foleni. Mtwara. Foleni ya mbuzi au?

Vijana wa bodaboda pale wamecheka mpaka mmoja kakaa chini. Lakini hao si kitu. Kilichoniua ni kwamba mama mkwe KAIPOKEA. Kwa mikono miwili! "Ahsante mwanangu." Kutoka pale mpaka Mikindani anatoboa. Tup. Kimya. Tup. Naongelea msiba, yeye tup. Nimefika nimelowa jasho na kiyoyozi kinafanya kazi.

Pini, wakuu. Kampa mama mkwe pini. Hivi huyu mtu mnamvumilia vipi hapa mjini?

Mng'oko_Mbichi

Nimekaa siti ya mbele. Nani ana karanga?

Bint_Chikongola

Bila picha ya sisimizi hii ni chai.

Fuso_la_Masasi

Mkuu pole sana. Swali dogo tu, hapo kwenye hadhi, fundi kasingizia au kasema kweli? IST ya mwaka gani?

Korosho_Ghafi

IST ni IST. Mada ni pini.

Mama_Nne

Kaka mshukuru Mungu. Mkwe wako kapewa pini katoboa kioo. Wangu angepewa pini angenitoboa mimi.

Shangani_Ufukweni

Huyo fundi namjua, hayupo peke yake wana ukoo mzima. Mimi kanibandikia kwa NJE. Nje ya kioo! Namuuliza, ananiambia "nje ndiko jua linakotokea bosi, lazima tulizuie kabla halijaingia". Nikakaa nikaona ana hoja. Nikalipa. Nimepeleka gari kuoshwa mara ya kwanza tu, kijana kasugua tinti yote imebaki kwenye ndoo.

Fuso_la_Masasi

Ana hoja 😂😂😂

Fundi_Mingoyo

Poleni. Nimebandika tinti Dar enzi hizo kabla sijarudi kwetu Lindi, naomba niseme halafu mnitukane.

Povu liko la aina mbili. Ukilibonyeza na kidole likasogea, hilo ni maji. Liache, jua litalikausha, ni siku chache, likichelewa sana wiki tatu nne. Likigoma kusogea na ndani unaona punje, huo ni mchanga, haukauki mpaka Kiyama. Pini haitibu chochote, inaacha tundu tu. Mleta uzi kwa mwembe ule na upepo ule sisi tunasema kazi imekufa: bandua, ondoa gundi, anza upya. Ila kioo cha nyuma asiguse na wembe, ataikata ile mistari ya kuondolea ukungu.

Na hiyo haikuwa seramiki. Nyeusi za bei ya chini ni plastiki iliyotiwa rangi, inakata mwanga, joto inakata kidogo mno, na kwa jua hili la kwetu utaiona inageuka zambarau. Kuna zenye madini, hizo joto zinarudisha ila zinaweza kusumbua redio na simu. Kaboni haipauki kirahisi. Seramiki yenyewe inazuia ile miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo ni karibu nusu ya nguvu yote ya jua, na inaweza kuwa angavu kabisa, nje unaona vizuri na ndani kuna nafuu. Anayekwambia nyeusi zaidi ndiyo baridi zaidi, huyo anakuuzia giza.

Fundi mwangalie anapofanyia. Awe na chumba kinachofungwa, sakafu imemwagiwa maji vumbi litulie. Na mwambie akuonyeshe gari aliyoibandika mwaka jana. Ya jana hata mimi mlevi naweza kukuonyesha.

Mng'oko_Mbichi

Profesa kaingia. Hakuna kulala leo.

Korosho_Ghafi

Mkuu ahsante kwa elimu, lakini hujagusa suala la pini kupewa MAMA MKWE.

Fundi_Mingoyo

Nimesema haitibu.

Nahodha_Mkavu

Fundi Mingoyo nisaidie. Mimi alinibandikia ya asilimia 50 nyuma, mbona siko huru kuona kitu? Usiku narudi nyumbani kutoka Msimbati nasogeza gari nyuma, nimegonga mnazi ambao nimeupanda mwenyewe.

Fundi_Mingoyo

Asilimia ni mwanga unaopita, siyo unaozuiwa. Kwa hiyo 5 ni giza totoro, 70 karibu huoni kama ipo. Gari nyingi za Japani vioo vya nyuma vinatoka kiwandani na giza lake. Kioo kikiwa kinapitisha 20, ukabandika 50 juu yake, unabaki na 10.

Nahodha_Mkavu

Kumbe ni kuzidisha? Mimi nilijumlisha, nikajua napata 70.

Bint_Chikongola

Mnazi unahusika vipi na hesabu yako mbovu jamani.

Tako_la_Newala

Naona mnadharau mistari ya ukungu. Njooni Newala asubuhi, huku juu karibu na Shimo la Mungu huoni hata boneti lako mwenyewe. Yangu fundi kaikata yote kwa wembe, sasa natembea na gazeti la kufutia. Na fundi wangu hakuniachia hata pini.

Korosho_Ghafi

Afadhali asiyeachiwa! Mnajua uchungu wa kusikia TUP kutoka siti ya nyuma na huwezi kusema kitu kwa sababu ni mkwe?

Shangani_Ufukweni

Kwanini alikaa nyuma? Mama mkwe anakaa mbele.

Mama_Nne

Huyo hapo. Tumempata. Mkwe nyuma, kwa hiyo mbele alikaa nani?

Korosho_Ghafi

Mbele kulikuwa na mchele wa arobaini. Tusitoke kwenye mada.

Fuso_la_Masasi

Mchele siti ya mbele, mama mkwe nyuma na pini. Fundi naanza kumwelewa.

Jua_Kali_Ligula

Nyie mnalia tinti, hamjakutana na wa gesi ya kiyoyozi. Unaenda kiyoyozi hakipoozi, anajaza gesi, unaondoka unasikia baridi mpaka unawaza sweta. Ukifika Mangamba gesi imeisha. Unarudi, anakwambia "gari yako inakunywa sana". Inakunywa GESI! Tundu hatafuti, tundu ndilo shamba lake.

Babu_wa_Mchinga

Kuhusu gesi, ila hii ya ardhini. Hapo Mnazi Bay imegunduliwa mwaka 1982. Bomba la kwenda Dar limezinduliwa 2015. Na fundi bado anamalizia tinti na jua kwa sababu umeme umekatika. Mimi sisemi kitu, naorodhesha tu.

Mng'oko_Mbichi

Babu usianze, uzi utafungwa.

Babu_wa_Mchinga

Nimesema sisemi kitu.

Dereva_wa_Kusini

Babu sema la barabara. Mei 2024 mvua zimekata njia pale Somanga, tumelala barabarani, mayai ya kuku wa mtu yameangulia ndani ya basi. Leo mtu analia povu la kioo. Mimi natamani povu.

Bint_Chikongola

Mayai yameangulia. Haya, chai ya pili imeiva.

Tako_la_Newala

Mimi namuamini, siku zile zilikuwa za ajabu.

Jua_Kali_Ligula

Lindi mnalaumu barabara kila siku, magari yenyewe mnayo?

Fundi_Mingoyo

Tunayo, na vioo vyake havina sisimizi.

Shangani_Ufukweni

😂😂😂 Kapigwa mleta uzi, kapigwa mji mzima.

Mkorosho_Mzee

Nimesoma toka juu. Hakuna aliyeonewa hapa. Mwaka 2018 bei ya korosho imetangazwa 3,300 kwa kilo, mimi nimeshachagua na gari kabisa, nimeshamwahidi mke, nimeshachora na mahali pa kuliegesha uwanjani kwa chokaa. Karani wa chama chetu akaniambia jina langu "halisomeki". Ninaitwa jina la herufi tano! Chokaa ilifutika na mvua, mke anakumbuka mpaka leo.

Dereva_wa_Kusini

Halisomeki 😂 Mimi langu lilisomeka, akaunti ndiyo ikawa ya mtu mwingine.

Mkorosho_Mzee

Angalau wewe una mtu wa kumchukia. Mimi namchukia karani, karani mwenyewe kahamia Tandahimba.

Mama_Nne

Msimu huu mnaonaje? Dawa ya kupulizia nimepata pungufu, mikorosho ya juu yote imeshika ukungu wa majani.

Tako_la_Newala

Salfa imepuliziwa asubuhi mapema? Upepo ukishaanza unampulizia jirani.

Mama_Nne

Ndiyo hivyo, mikorosho ya jirani imestawi kwa dawa yangu. Halafu kaja kuniomba chumvi.

Korosho_Ghafi

Wakuu tafadhali turudi kwenye mada. PINI. Mtu mzima. Mbele ya bodaboda.

Mkorosho_Mzee

Kijana, hapa tunaongelea salfa. Mambo ya tinti fungua uzi wake.

Mng'oko_Mbichi

😂😂😂😂 Mwenye nyumba kafukuzwa kwake.

Nahodha_Mkavu

Samahani wakuu, kuna mtu anakwenda Masasi kesho asubuhi ana nafasi? Niko mmoja na jogoo wawili.

Fuso_la_Masasi

Natoka saa kumi na moja alfajiri. Jogoo wanalipa siti.

Nahodha_Mkavu

Watakaa miguuni, wapole sana.

Fuso_la_Masasi

Wa mwisho nilioambiwa wapole waliwika kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Ndanda. Nusu siti kila mmoja, na uje na gunia.