MREJESHO: Kuchuma tumbaku kwa awamu, Urambo

Wakuu, niliuliza kama tumbaku ya mvuke (ile inayokaushwa kwa joto la tanuru) naweza kuichuma shina zima kwa mkupuo, maana vibarua ni gharama. Wengi mkasema anza majani ya chini, mawili matatu kila shina, ya juu yaachwe yakomae. Nimefuata.

Dalili mlizonipa zinaonekana kabisa. Jani likiiva, kijani kinapauka kuelekea njano, uti wa kati unakuwa mweupe, ncha inainama. Ukilisukuma chini linakatika "pwa!" bila kuchuna ganda la shina. Lisiloiva linang'ang'ania, na linakuachia utomvu mweusi mikononi ambao sabuni ya mche hauiogopi.

Raha yenyewe nimeiona kwenye bani, lile banda la kukaushia. Majani ya rika moja yanageuka njano pamoja, hivyo moto unaupandisha bila kubahatisha: nyuzi 35 na kitu wakati wa kugeuza rangi, mwishoni karibu 70 ili uti ukauke. Jirani alichanganya mabichi na mabivu. Yake yametoka na mabaka ya kijani, na daraja limeshuka.

Aliyenishauri nikate maua, ubarikiwe, majani ya juu yamenenepa kweli. Ila machipukizi hamkunitajia! Ua likiondoka tu, yanachomoza kila kwapa la jani, na usipoyatoa yanalinyonya shamba.

Sasa tumebakiza majani ya juu, na kuni zinanimaliza. Mwenye bani linalokula kuni kidogo anielekeze tanuru lake amelijengaje.