Kaka anatoka gereza la Shimo la Tewa: kituo, methadoni au gereji ya ami?

BintiMtopanga
Assalaam aleikum. Kakangu anatoka Ijumaa ijayo baada ya miezi 14. Aliingia kwa wizi wa simu, lakini sote twajua ni unga, yaani heroini, uliomfikisha huko. Asema ndani hajagusa. Nyumbani tumegawanyika. Mama ataka aende moja kwa moja kituo cha kurekebisha tabia, alale huko siku 90. Mimi naona kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, iliyoko Kisauni, ni karibu na kwetu. Ami ana gereji Bombolulu, asema mpeni spana, kazi itamtoa. Mliopitia haya, lipi liliwafaa?

FundiMbao
Nina karakana, nimeajiri watano waliotoka ndani. Kazi peke yake haitoshi, dada. Mmoja alikuja siku chache baada ya kutoka, mkono hodari kwelikweli, randa aliijulia gerezani. Saa nne asubuhi namwona jasho lamtiririka, pua zachuruzika, miayo haikatiki. Nikadhani homa. Ilikuwa arosto, mwili wadai unga. Mchana nikamlipa, jioni pesa yote ikaishia maskani kwenye unga. Siku hizi nalipa Jumamosi tu, na nusu inaenda kwa mama au mke kwa M-Pesa. Vijana wenyewe ndio waliotaka hivyo.

NesiWaPwani
Binti, kabla ya kuchagua, shika hili. Kama kweli hajatumia miezi yote hiyo, mwili umesahau unga. Kipimo alichokimudu zamani leo chaweza kumkata pumzi. Wiki mbili za mwanzo nje ndizo za hatari kuliko zote. Ijumaa asipande matatu peke yake, mmoja wenu awe getini. Ukimkuta akoroma vibaya, haamki, midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu na mumkimbize hospitali. Kuna dawa ya naloksoni ya kumzindua.

Methadoni ni ya kunywa, kwa kawaida kila siku, mbele ya muuguzi. Huondoa arosto na hamu. Lakini aliyekaa muda bila kutumia haanzishwi tu, daktari humpima kwanza. Na akichanganya na pombe au bugizi, vile vidonge vya usingizi, hapo mwaweza kumzika.

NilikuwaHuko
Niko kwa methadoni mwaka wa nne, alhamdulillah. Imenirudishia usingizi na watoto wangu. Tatizo ni saa. Nilikuwa nikiishi Likoni: feri, kisha matatu, kisha foleni ya dawa, na msimamizi wa mjengo anataka nimefika saa moja. Nilipoteza vibarua viwili hivyo. Kituo cha kulala nimeenda mara mbili. Ndani nilikuwa mzima, nikarudi mtaa uleule, usiku wa tatu nimeitwa dirishani na wenzangu wa unga. Kama kakako ana pa kwenda mbali na wenzake wa unga, kituo kitamfaa. Kama hana, mama atalipia siku 90 za amani, basi.

MamaWaWatatu
Na si kila kituo ni kituo. Mwanangu tulimpeleka pahali, wakamfungia chumbani na arosto yake, hakuna daktari, pesa tumelipa. Naandika na bado moyo wauma. Ulizeni leseni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, na ulizeni mgonjwa akizidiwa usiku nani yupo wa kumhudumia. NACADA wenyewe wana kituo Miritini, anzeni kwa kupiga 1192, ni bure.

TuktukNyali
Gereji ya ami msiidharau. Kampuni nyingi zitamdai cheti cha tabia njema. Atalipa 1,050, na kosa lake la zamani litaonekana pale. Ami hatamdai karatasi. Akishaizoea kazi, afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda. Cheti hicho hakiulizi alikotoka.

BintiMtopanga
Shukran nyote, nimemsomea mama kila neno. Amelia kidogo, kisha akauliza getini tufike saa ngapi. Nitakwenda na ami. Jumatatu twampeleka apimwe, na la kituo atasema mwenyewe, jambo ambalo hatukuwa tumemuuliza hata mara moja. Ami amekubali awe akiingia kazini saa nne ili dawa, kama atapewa, isigongane na kazi. @FundiMbao, ile habari ya nusu kwenda kwa mama, ulianzaje kuwaambia?

FundiMbao
Sikuwaambia. Niliwauliza Ijumaa jioni, tumekaa, chai iko mezani: kesho pesa hii mwataka niiweke wapi?