Refa katoa kipa wetu katikati ya matuta kwa njano ya dakika ya 63! Hii sheria ya Moshi imetoka wapi?

Wakuu, nimelala na hasira na nimeamka nazo. Jana jioni huku Pasua, Moshi, robo fainali ya ndondo, mashindano ya mtaani. Dakika 90 zimeisha 1-1, tukaenda matuta, yaani mikwaju ya penalti, sisi tukaanza kupiga.

Mkwaju wetu wa tatu, kipa wao katoka mstarini kabla mpira haujaguswa. Hatua mbili nzima, alama za viatu zilibaki kwenye vumbi, tulikwenda kuzitazama. Akapangua. Sheria inataka mpira unapopigwa kipa awe na walau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake. Akiwahi kutoka na akaokoa, penalti inarudiwa. Refa akapeta! Na kwenye matuta mshika kibendera mmoja anatakiwa asimame pale mstari wa goli unapokutana na boksi dogo, aangalie miguu ya kipa. Jana wote wawili walikuwa duara la kati.

Hilo ningelimeza. Kipa wetu naye akadaka la tatu lao, tukafunga la nne, tukawa mbele 3-2. Mpigaji wao wa nne akagonga nguzo, mpira ukarudi uwanjani, kipa wetu hajaugusa hata kwa ukucha. Tukifunga la tano tumemaliza. Mara filimbi: rudia! Eti kipa alitoka mstarini.

Haya, tuseme alitoka. Mpira ukigonga nguzo au ukipaa bila kipa kuugusa, penalti hairudiwi, labda kipa awe amemvuruga mpigaji waziwazi. Huyu alimvuruga nani? Mpigaji mwenyewe alikuwa ameshashika kichwa anarudi kwa wenzake.

Kisha ikaja kadi. Njano, na kwa kuwa dakika ya 63 kipa alipewa njano ya kupoteza muda, akaonyeshwa nyekundu. Jamani! Tangu mabadiliko ya 2020, kipa akitoka mstarini mara ya kwanza anapewa onyo, kadi ni akirudia. Na njano za mchezoni hazihamii kwenye matuta. Mwenye njano ya ndani ya dakika 90 akipata nyingine kwenye matuta zinaandikwa zote mbili, lakini HATOLEWI. Nahodha wetu alimweleza refa hayo kwa heshima, mikono nyuma. Akaambiwa aondoke asije akapewa na yeye.

Glovu akavaa beki wetu wa kati, na ndiye tuliyempanga kupiga la tano. Kafungwa ule wa kurudiwa, kavua glovu, kaenda kupiga huku anatetemeka, kapaisha. Wakafunga lao la tano, 4-3, tumetoka.

Msiniambie ni ndondo tu. Mwaka 2022 hapo jirani Arusha, Sheikh Amri Abeid, fainali ya Kombe la Shirikisho ilikwenda matuta, Yanga na Coastal Union baada ya 3-3. Kombe la taifa limeamuliwa kwa mikwaju hii hii, na wachezaji wa kesho wanatoka kwenye viwanja hivi vya vumbi. Kipa wetu ana miaka 19, asubuhi anaendesha bodaboda, jioni yuko mazoezini. Leo hakutokea, simu haipokei.

Kamati inasema uamuzi wa refa ni wa mwisho. Kwa kile alichokiona, sawa, hata kama nakataa kuhusu zile hatua mbili. Lakini njano kuhamia kwenye matuta si suala la alichokiona. Hapo katumia sheria ambayo haipo!

Kikao ni Alhamisi. Waamuzi mliomo humu, mwenye Sheria ya 10, ile ya matuta, kwa Kiswahili aiweke hapa, niichapishe niende nayo.