Fasti breki mkiwa marefa wawili, nani anaangalia wapi?

Filimbi_Mpya
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa mnaochezesha basketi muda mrefu. Tukiwa marefa wawili na timu imetulia inashambulia sina shida, kila mtu anajua eneo lake. Shida ni fasti breki, mpira ukigeuka ghafla, mtu kadaka ribaundi (shuti lililokosa likarudi) katupa pasi ndefu watu wote wanakimbia, hapo mara tunapuliza wote mara hakuna anayepuliza na kocha anatuwakia. Nani abaki na mwenye mpira? Akigongwa mtu kwenye leiapu (shuti la karibu akikimbilia kikapu) ni ya nani? Na mkiwa watatu inakuwaje?

Mzee wa Laini
Mdogo wangu shika nafasi kwanza, zingine zinafuata. Lidi ni yule wa laini ya mwisho karibu na kikapu, Treili ni yule anayefuata mchezo kwa nyuma. Mpira ukigeuka mnabadilishana: aliyekuwa Treili anakuwa Lidi mpya maana yeye ndo yuko karibu na kikapu kinachoenda kushambuliwa, na aliyekuwa Lidi anakuwa Treili mpya. Mkiwa watatu ni hivohivo, ila Senta, yule refa wa tatu, anabaki kuwa Senta upande wake uleule.

Sasa Lidi mpya anakimbia mbele ya mchezo, pembeni, macho muda wote yako uwanjani, usikimbie umeupa mchezo mgongo. Wewe unawapokea wanaokuja, na zaidi ya yote unamwangalia beki aliyerudi, amefika mapema akasimama au kajitupa njiani wakati mwenzake ameshaanza kuruka. Treili mpya anabaki na mwenye mpira kule nyuma, anahesabu sekunde 8 za kuvusha mpira nusu ya uwanja, anaangalia dribo, mikono inayoshika kiuno, na laini ya kati. Mpira ukishaingia kwenye eneo la kikapu mgongano unakuwa wa Lidi, na Treili anapandisha macho juu kuangalia mpira wenyewe, kwasababu kwenye fasti breki ndo kuna wale mabeki wanaokuja mbio kutokea nyuma wanaupiga mpira ukiwa umeshagonga ubao, na hiyo ni kikapu kinahesabiwa. Lidi hawezi kuangalia miili na ubao kwa wakati mmoja, hata awe mzuri vipi.

Laini za pembeni kila mmoja ana ya kushoto kwake, Lidi anaongeza ya mwisho.

DadaMarefa
Mzee kasema vizuri, mi naongezea kitu ambacho naona kinaharibu mechi nyingi sana. Treili anaondoka mapema! Shuti limepigwa tu yeye ashageuka anakimbilia upande wa pili ili awe wa kwanza kufika, na kule nyuma mtu anasukumwa mgongoni kwenye ribaundi hakuna aliyeona. Baki mpaka ujue mpira umeshikwa na nani, afu ndo ukimbie. Na yule Lidi anayegeuka kuwa Treili asiwe na haraka, akae na aliyedaka ribaundi mpaka atoe pasi, maana pale ndo anabanwa na kukwanguliwa mikono.

Halafu ikiwa timu inakaba uwanja mzima, Lidi usikimbie mpaka mwisho ukasimama peke yako huko. Baki maeneo ya katikati, wachukue walio mbele ya mpira, mwenzako ana watu wengi mno.

Beki_Kati
Mi napingana kidogo na hili la kukimbia mbele. Mpira umeibiwa katikati ya uwanja, mchezaji yuko peke yake, Lidi hatamuwahi na asijaribu, maana akifukuzana naye anaishia kuona mgongo tu. Fungua upana, bana pembeni, simama usawa wa laini ya fri throo (mitupo ya adhabu) kama umechelewa, mradi unaona nafasi iliyopo kati ya anayekimbia na anayemfukuza. Ukiona hiyo nafasi unaona mkono umegusa mpira au umegusa mtu.

Na hapohapo mkumbuke sheria ya FIBA (shirikisho la basketi la dunia), mshambuliaji anaelekea kikapuni, hakuna mpinzani mbele yake, akagongwa isivyo halali kutokea nyuma au pembeni kabla hajaanza tendo la kushuti, hiyo ni faulo isiyo ya kiuanamichezo, fri throo 2 na mpira wanarudishiwa. Kwaiyo Treili wakati unafuata lazima uwe umeshahesabu kichwani kuna beki mbele au hakuna, usianze kujiuliza baada ya filimbi.

Filimbi_Mpya
Asanteni sana, hii ya Treili kuangalia ubao sikuwahi kuambiwa. Na tukipuliza wote wawili je?

Mzee wa Laini
Mkono juu ngumi imefungwa, mnyamaze hivo, mtazamane. Asionyeshe mtu ishara yoyote kwanza, maana mmoja akionyesha chaji (faulo ya mshambuliaji) na mwingine bloki (faulo ya beki) mmeshawapa makocha wote wawili sababu ya kulalamika. Mchezo ulikuwa unakuja kwa Lidi basi Lidi anachukua na Treili anashusha mkono. Ila kama tukio lilianzia nyuma, mtu kavutwa jezi kabla hajafika kwenye eneo, Treili amfuate mwenzake amwambie niachie hii niliiona tangu mwanzo. Mkubaliane hayo kabla ya mechi, kule chumbani mnapobadili nguo.

DadaMarefa
Na mkiwa watatu ongeza Senta kwenye hayo makubaliano, upande wake akipita mtu anaingia kikapuni ni wa kwake, Lidi wa upande wa pili asimnyang'anye.