Mjadala: Redio na TV ya umma iendelee na kambi za kupima afya bure, au hela irudi kwenye vipindi?

Habari wadau, naomba hili tulijadili kwa uwazi maana naona linasifiwa tu bila kuchambuliwa. Siku hizi kituo cha utangazaji cha umma kikitaka kuelimisha jamii kuhusu afya kinaandaa bonanza, jukwaa, maspika makubwa, matangazo mubashara, na pembeni hema la kupima presha na sukari bure. Msimamo wangu, hela hiyo iende kwenye vipindi vya kudumu, na hema likiwepo basi liwe na mpango wa kumfuatilia kila atakayekutwa na tatizo.

Chukulia presha tu. Ili kipimo kiaminike mtu anatakiwa akae atulie kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono usawa wa moyo, asiongee, asiwe amebanwa na mkojo. Sasa angalia kinachofanyika hemani, mtu katoka kusimama kwenye foleni juani, muziki unadunda, anakalishwa haraka haraka, mkono unaning'inia, na nesi anamuuliza jina na umri huku mashine inajaza upepo. Inasoma 150/95, anaandikiwa kwenye kikaratasi, anaambiwa nenda hospitali. Aende wapi, akamwone nani, lini, hakuna anayemwambia. Na hata kama kingepimwa vizuri, WHO wanasema presha ya juu ni mpaka isome 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, kwa hiyo huyu anaondoka na hofu tu, na mwenzake aliyesoma vizuri siku hiyo anaondoka akijua yeye yuko salama, hana haja ya kupima tena.

Wanaotetea kambi wana hoja nzito na siibezi. Presha haina dalili kwa watu wengi, na karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kama wanayo, sasa bila kuwafuata walipo watajuaje? Sawa kabisa. Ila kupima ni kazi ya watu wa afya ambao kesho na keshokutwa watakuwepo, kituo cha utangazaji jioni kinakunja hema kinaondoka. Nguvu yake iko kwenye kuingia majumbani kila wiki, jambo lile lile, mpaka watu waanze kulijadili wenyewe.

Na hili lilishafanyika jamani. Mwaka 1973 Tanzania kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, vipindi vya redio vya wiki 12, lakini watu hawakuachwa wasikilize kila mtu kivyake, walikaa kwa vikundi, kuna kijitabu, kuna kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, kipindi kikiisha wanajadili halafu wanaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Miaka 20 baadaye ukaja mchezo wa redio Twende na Wakati kuhusu uzazi wa mpango, eneo la Dodoma kwanza halikurushiwa ili watafiti walinganishe, na kule uliposikika matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi. Yaani walitaka kujua kama kipindi kimefanya kazi kweli. Leo ripoti inaandika tumewafikia watu elfu kadhaa, hao elfu kadhaa wangapi walianza dawa, wangapi bado wanazimeza baada ya miezi 6? Hiyo namba siioni, na ndo pekee yenye maana kwa mgonjwa.

Pia wadhamini, mimi sielewi kabisa inakuwaje hema la kupima sukari linawekewa bango la soda.

Sasa nawauliza mliowahi kupimwa kwenye hizi kambi mkakutwa na tatizo: kuna yeyote alipigiwa simu baadaye kuulizwa kama alifika hospitali? Na mliopo kwenye utangazaji, kipindi cha afya cha nusu saa kila wiki kinashindikana wapi, hela, wataalamu, au hakiuziki?